Hapo Nje ni Wapi?

Niaje, wanangu. Mnaona, hata mimi najua kusalimia kama nyinyi. Juzi mliponifanyia sherehe ya kustaafu, mmoja wenu aliniuliza, kwa hilo jina lenu la nyanya, "Shosh, kwani zamani mlifanyaje hii kazi bila simu?" Nikamjibu tulifanya kwa pua. Mkacheka wote, keki ikakatwa, mambo yakaishia hapo. Lakini sikuwa natania hata kidogo, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia. Msome mpaka mwisho. Anayetaka kurukaruka kurasa aache tu, akalale.

Mnanijua, mimi ni Mama Nekesa. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mhudumu wa afya wa mtaa, kwanza Soweto West kule Kibera, halafu huku Kabiro baada ya mume wangu kupata kazi Kawangware. Kazi ni hii hii mliyopewa nyinyi. Unaenda mlango kwa mlango, unapima mkono wa mtoto, unauliza chanjo, unasikiliza nani anakohoa. Sisi tulibeba rejista moja kubwa ambayo mvua ikinyesha unaificha ndani ya sweta wewe mwenyewe ukiloa. Nyinyi mna simu, na simu inauliza: Je, katika nyumba hii kuna mtu anayevuta sigara? Ndiyo au la. Unabonyeza, unakwenda mlango mwingine.

Hilo swali litawadanganya. Lilinidanganya mimi likiwa bado limeandikwa kwa wino, na nusura limwue mtoto wa watu. Nitafika huko.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa bango la kufundishia. Lilikuwa zuri, jamani. Baba amesimama kwenye nyasi anavuta sigara yake, na nyuma ya kioo mama ameketi kwenye kochi na mtoto mnono. Chini yake imeandikwa: Mpende mwanao, vutia nje. Nikalitundika mbele ya kibanda cha kinyozi pale Soweto West, nikakusanya wanaume, nikaanza kuhubiri. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la kuazima. Nilijiona daktari kamili.

Fundi mmoja wa viatu akainua mkono. "Madam, swali. Hapo nje ni wapi?"

"Nje ya nyumba, baba. Nje ni nje."

"Sawa. Twende unionyeshe."

Tukaenda, umati wote nyuma yetu. Akasimama ndani ya mlango wake, akapiga hatua moja, moja tu, na tayari alikuwa kwenye mlango wa jirani. Pale chini, juu ya leso, mama alikuwa anampaka mtoto mchanga mafuta. Fundi akanigeukia. "Nikivutia hapa, nimempenda wangu. Huyu je, nimemchukia?"

Wueh! Watu walicheka mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu. Mimi nina hasira za karibu, muulizeni mzee wangu. Nililikunja lile bango, nikaondoka bila kuaga, nikalia huko mbele. Leo namshukuru yule fundi kila nikimkumbuka. Tangu siku ile nimehudhuria semina nyingi, na sijasikia swali lililolipita lake.

Aliyenifuta machozi, au tuseme aliyekataa kunifuta, alikuwa Mama Zainabu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mnubi wa Kibera, watu ambao babu zao waliletwa kama askari wa mkoloni na wakabaki pale wakajenga. Alikuwa na vyumba sita vya kupangisha, na yeye mwenyewe aliishi katika kimoja. Nilimweleza jinsi nilivyoaibishwa, nikitarajia pole. Akaniambia, "Alikuuliza jambo la maana, binti. Wewe ukakasirika kwa sababu huna jibu."

Kisha akachukua chetezo, akaweka makaa na kipande cha udi, akakipeleka chumba cha mwisho, akafunga mlango. Akanituma nisimame vyumba vingine kimoja baada ya kingine. Chumba cha tano kilinukia. Cha nne kilinukia. Mpaka cha kwanza, chake mwenyewe, nilisikia udi mwembamba kwenye pazia. Akaniuliza, "Rejista yako itaandika udi unachomwa vyumba vingapi?" Nikasema kimoja. "Na wanaounusa?"

Kitu kingine alichonifundisha ni kuketi. "Usisimame mlangoni kama mtu wa kudai kodi. Omba kuketi. Na usiketi kwenye stuli ya wageni, keti pale mtoto analala, ili pua yako iwe mahali pa pua yake." Nyinyi vijana mnasimama na simu mkononi, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nimewaona, msikatae.

Sasa, kabla sijaingia Kabiro, niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma. Kabla ya kazi hii nilikuwa nafua nguo Lavington, kwenye nyumba moja ya geti jeusi na mbwa wawili. Yule bosi alikuwa anavuta sigara kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Lakini alikuwa na kiti chake mwisho wa bustani, kule kwenye maua, na akimaliza ananawa mikono kwenye bomba ndipo aingie. Binti yake alikuwa rika moja na Nekesa wangu. Blanketi za yule mtoto nilizifua mimi, na sikuwahi kunusa moshi hata siku moja. Nikirudi nyumbani nafua sweta la Nekesa, ambaye baba yake hajawahi kushika sigara maishani, na sweta linanuka kama baa. Nilifua zote mbili kwa mikono hii hii. Sigara ni zile zile zinazouzwa dukani, tofauti ni bustani.

Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba watoto wa mtaa wanakohoa kwa sababu mama zao hawajui. Wanajua. Hawana mahali pa kuuweka huo moshi.

Haya. Shantel.

Nilipohamia Kabiro nilipewa ploti kadhaa nyuma ya soko. Moja ilikuwa na vyumba kumi vya mabati vimetazamana, katikati ukumbi ambao ukibeba ndoo mbili lazima utembee kiupandeupande. Chumba cha saba aliishi Lilian na mumewe Wycliffe, na binti yao wa miaka miwili, Shantel. Lilian alikuwa anafua nguo za watu, kama mimi zamani. Wycliffe alikuwa soja wa geti, mtu mpole, ameokoka, hanywi, havuti. Shantel alikuwa na kifua. Kikimbana unasikia firimbi ndani yake kutoka mlangoni, na ngozi ya kooni inaingia ndani kila akivuta pumzi. Kliniki walikuwa wamemlaza mara mbili, na daktari alimwambia Lilian waziwazi: kifua chake hakitaki moshi, akiuvuta tena huenda asirudi.

Mimi nikaja na rejista yangu. Nikanusa blanketi ya mtoto. Sigara! Nikamwuliza Lilian kuna anayevuta, akasema hakuna. Nikanusa tena. Na badala ya kuketi kama nilivyofundishwa, nikasimama palepale mlangoni, nikamgeukia Wycliffe aliyekuwa anafunga viatu, nikamwambia mbele ya mkewe, "Baba Shantel, wanaume wengi huficha. Lakini mapafu ya mtoto hayafichwi."

Akaacha kufunga viatu. "Unaniita mwongo ndani ya nyumba yangu?"

"Nasema ninachonusa."

"Basi nenda ukanuse kwingine, mama. Na usirudi."

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye. Jioni ile Lilian alimpekua mumewe mifuko. Alinusa mashati yake. Walikaa wiki mbili hawaongei, mtu na mkewe, ndani ya chumba ambacho ukinyoosha miguu unamgusa mwenzako. Yote kwa ajili ya mdomo wangu. Ikiwa hamtashika kingine, shikeni hili: blanketi ikinuka moshi, imekuambia kuna moshi. Haijakuambia ni wa nani.

Na niliuliza majirani pia, msidhani sikuuliza. Chumba cha sita alikuwepo Brayo, muuza viatu vya mtumba, mlango wake umefungwa mchana kutwa. Chumba cha nane aliishi Nyanya Apiyo, mama mzee kutoka Siaya, mwembamba, kitambaa kichwani, ambaye alikuwa anamwangalia Shantel mama yake akienda vibarua. Nilibisha hodi kwa nyanya, nikamsalimia. Akaitikia kwa kichwa, mdomo umefungwa, shavu moja limetuna kidogo. Nikadhani anamung'unya peremende. Nikamwuliza, "Nyanya, kuna mtu anavuta sigara hapa?" Akatikisa kichwa polepole, hapana. Nikaandika: La. Tena nikaweka na alama ya vema.

Mnaotoka upande wa ziwa mmeshaanza kucheka. Ngojeni.

Nilirudi kwa Mama Zainabu. Nilikata kwa miguu kupitia mtaa wa Satellite, nikavuka Ngong Road, nikafika Kibera nimechoka na nimenuna. Alikuwa amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini ulimi ulikuwa mzima. Nilipomaliza hadithi yangu aliuliza neno moja.

"Uliketi?"

Nikainama kufuta vumbi la viatu.

"Wallahi, wewe!" Akafungua kopo lake, akanifungia kipande cha udi kwenye gazeti. "Kwanza kaombe msamaha. Ukishasamehewa, choma hiki kwa jirani, halafu keti pale mtoto analala. Usiseme kitu. Keti tu."

Kuomba msamaha ni sehemu ngumu ya kazi yetu na hakuna anayeifundisha. Nilibisha kwa Lilian asubuhi, Wycliffe akiwa ametoka zamu. Nilisimama ukumbini, sikuvuka kizingiti. Nikasema, "Baba Shantel, nilikukosea mbele ya mke wako, kwa hiyo naomba msamaha mbele ya mke wako." Kisha akasogeza miguu kunipa njia. "Ingia, mama. Mtoto hajalala vizuri." Ni hayo tu. Ningekuwa mimi ningemfukuza kwa maji ya moto. Namshukuru mpaka leo.

Mlango wa Brayo ulikuwa umefungwa kama kawaida, kwa hiyo nikaenda kwa Nyanya Apiyo na chetezo. Akakitazama. "Wewe ni wa dhehebu gani?" Nikamwambia ni kipimo cha hewa cha serikali. Mungu anisamehe. Akaniruhusu, nikachoma udi, nikarudi chumba cha saba, nikaomba kuketi kwenye kitanda cha mtoto.

Kitanda chenyewe kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, yaani juu juu, ili mitungi ya maji ikae chini yake. Wengi wetu tunafanya hivyo, mahali ni padogo. Nilipoketi miguu yangu ilining'inia. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikainua macho. Ukuta wa mabati kati ya chumba cha saba na cha nane haukufika kwenye paa. Ulikuwa umeishia chini ya boriti, na juu yake pengo la shubiri mbili, kutoka mwanzo wa chumba mpaka mwisho. Sijamaliza kushangaa, udi huo, umeingia, unateremka taratibu juu ya mto wa Shantel. Lilian akaweka mkono mdomoni.

Nikarudi chumba cha nane mbio, bila hodi. Nyanya Apiyo ameketi, mdomo umefungwa, shavu limetuna, na moshi unamtoka puani. Akaniona. Akatoa sigara mdomoni, na upande uliokuwa ndani ya mdomo ndio uliokuwa unawaka.

"Nyanya! Moto umeuweka ndani?"

"Ndivyo mama yangu alivyovuta," akasema. "Na mama yake."

"Na siku ile nilikuuliza ukasema hapana!"

"Uliniuliza nikiwa na moto mdomoni. Ulitaka niongee?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilicheka, na yeye akacheka, mpaka tukakohoa wote wawili. Kwao akina mama wazee huvuta hivyo, moto ndani, watu wasiwaone. Na ndani ya chumba alivutia kwa sababu ya aibu. Aliwahi kuvutia ukumbini, vijana wakamrekodi kwa simu, wakatuma huku na huku wakicheka. Tangu hapo akawa anajifungia. Hakujua kwamba kila akipuliza anampulizia mtoto aliyekuwa anamwita "dana", yaani nyanya kwa lugha ya kwao.

Mngedhani basi nimeshinda. La. Kosa langu kubwa ndilo lilikuwa linakuja.

Nilimwendea mwenye ploti, Mzee Gitau, mzaliwa wa Kawangware, ardhi ya baba yake. Nikamtaka azibe yale mapengo yote. Akakataa. "Mama, huko juu nikifunga, hawa watu watapumulia wapi? Hakuna madirisha." Nikamwona bahili tu. Mimi na hasira zangu nikakusanya katoni za duka, gundi na magunia, na Jumamosi moja mimi na Lilian tukaliziba pengo la chumba cha saba lote, vizuri, kama tunafunga zawadi. Nilienda nyumbani nikiimba.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha. Saa saba mchana Lilian alikuwa amebandika maharagwe kwenye jiko la makaa, na kwa sababu ya mvua jiko lilikuwa ndani na mlango umerudishwa. Shantel alikuwa amelala. Lilian akatoka kukinga maji kwenye bomba la mwisho wa ploti, akakuta foleni. Moshi wa jiko, ambao siku zote ulikuwa unatokea kule juu, ukakuta katoni zangu. Ukakaa.

Nyanya Apiyo alikuwa chumba cha nane. Alikuwa na mazoea ya kumwita Shantel kupitia lile pengo, "Nyathina!", mwanangu, na mtoto anamjibu "Dana!" Siku hiyo alimwita, kimya. Akaita tena, kimya. Akasikiliza, akasikia kitu kama paka anayekoroma. Akapanda juu ya kitanda chake, mama wa umri ule, akachukua mwiko wa ugali na kuzitoboa katoni zangu. Moshi ukamjia usoni. Akapiga mayowe, akaingia chumba cha saba, akamtoa Shantel akiwa na midomo ya buluu, akakimbia naye kliniki pekupeku kwenye matope, mvua inampiga.

Nilipopata habari nikakimbia. Nilimkuta Shantel amewekewa mashine ya mvuke usoni, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka. Lilian alikuwa amemshika mguu mmoja. Nyanya alikuwa ameketi kwenye benchi, maji yanamchuruzika, miguu ina damu. Akanitazama.

"Mama Nekesa, nani alikuwa anamwua huyu mtoto? Ni mimi ama ni wewe?"

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa na vyeti, nilikuwa na rejista. Nikaketi chini kwenye sakafu karibu na miguu yake, nikasema, "Sisi wote wawili, nyanya. Kila mtu kwa moshi wake."

Akanishika kichwa. Tukangoja hivyo, mimi nikimhesabia Shantel pumzi. Ilikuwa jioni muuguzi aliposema mtoto anarudi, na Lilian ndipo alipolia. Hakunilaumu. Nilimngojea anilaumu, nikamngojea hata miaka, na hakunilaumu. Wengine Mungu amewaumba na vifua vipana.

Wiki ile ile tulikaa kikao, ploti nzima, hata Brayo wa chumba cha sita alifunga biashara akaja. Sikuleta bango. Nilifanya kitu kimoja tu, niliuliza lile swali la fundi wa viatu: hapo nje ni wapi? Tukatembea wote kulitafuta. Ukumbini, hapana. Kwenye bomba, hapana, watoto wanacheza hapo. Tukafika karibu na geti, kona iliyopakana na karakana ya magari mabovu. Ukuta ule ni wa mawe na hauna dirisha, na upepo unatokea barabarani. Brayo akawasha kiberiti, tukautazama moshi wake. Ulienda zake. Nyanya Apiyo akasema, "Basi nje ni hapa."

Mzee Gitau, yule niliyemwita bahili, alileta mbao akatengeneza benchi, na juu akapigilia bati la kuzuia mvua. Wycliffe akafunga gunia mbele kama pazia, ili nyanya akiweka moto wake mdomoni asichekwe na mtu. Bati la pili likawekwa kwa ajili ya majiko, ili siku ya mvua mtu asilazimike kupikia ndani. Katoni zangu zikatolewa zote, pengo likabaki wazi. Na nyanya akawa askari wa benchi. Ukivutia chumbani anakuja kukugongea na ule mwiko. Brayo aliupata mara mbili.

Sitawadanganya. Hili halikumaliza mambo. Kuna ploti kule nyuma ambazo hazina hata hiyo kona, mwenye ploti amejenga mpaka kwenye choo. Kuna baa ambayo moshi wake unaingia darasa la chekechea. Shantel aliendelea kubeba inhela yake, ile pampu ya kupuliza mdomoni, na mara moja moja kifua kilimshika. Lakini hakulazwa tena. Na nilianza kuandika pembeni ya rejista, mahali pasipo na kisanduku: mlango wa kulia, mlango wa kushoto, jiko, kitanda kiko juu au chini. Wakubwa walinigombeza kwa kuchafua fomu. Simu yenu haina pembeni, kwa hivyo bebeni kalamu.

Nyanya Apiyo alirudi kwao Siaya, na akazikwa huko. Mama Zainabu naye ametangulia. Kopo lake la udi aliniachia, liko hapa juu ya kabati, na bado lina vipande vichache. Atakayekuja kuniomba nitampa, lakini nitamwuliza kwanza kama anajua kuketi.

Na sasa nirudi kwenye ile sherehe yenu. Mlipamba ukumbi vizuri, nimewashukuru na narudia kuwashukuru. Kuna kitu hamkukiona, mlikuwa mnapiga picha. Nilifika mapema, nikamkuta Lilian anatundika karatasi za rangi, na kwenye kona msichana wa miaka kumi, miguu mirefu, ameketi na mfuko wa baluni. Anazipuliza kwa mdomo. Moja, anafunga fundo. Nyingine, anafunga. Nikamwambia, "Shantel, si mngetafuta pampu ya baluni?"

"Ya nini, shosh? Niko sawa."

Nikasimama pale nikimhesabia pumzi, ndani, nje, ndani, nje, kama nilivyomhesabia siku ile kwenye sakafu ya kliniki. Hakuna firimbi. Ngozi ya kooni imetulia. Akapuliza moja nyekundu kubwa mpaka nikaogopa itapasuka, akaifunga, akaniwekea mkononi.

"Hii ni yako. Ni pumzi yangu yote, usiipasue."

Zile baluni zenu zingine zilibaki ukumbini. Hiyo moja nilienda nayo nyumbani, nikaifunga kwenye mguu wa kitanda. Imeanza kusinyaa sasa, na mzee wangu ananiuliza nitaitupa lini. Nimemwambia aiache mpaka iishe yenyewe.